Milango Saba ya London

Bakhita binti Ishaq alikuwa muongo, na tuanzie hapo hapo asije mtu akasema kafichwa. Hakuwa muongo wa kumdhuru mtu. Ukimtuma sokoni akanunue nguru mmoja, atarudi na nguru mmoja na khabari za papa watatu waliompigania njiani. Watu walimpenda kwa hilo. Maskati ya siku zile haikuwa na redio kila nyumba, na Bakhita alikuwa na mdomo.

Alifika mwaka wa sitini na nne, baada ya mambo yale ya Unguja, na sanduku la bati na kanga pea nne. Akapokelewa nyumbani kwa Bwana Ghanim bin Marhoon, mfanyabiashara wa tende na ndimu kavu, nyumba ya ghorofa moja ndani ya ukuta wa mji. Kazi yake ilikuwa kupika na kumwangalia mke wa bwana, Bi Nasriya, ambaye macho yake yalikuwa yanafunga utando. Mwaka wa kwanza alikuwa haoni sindano, mwaka wa pili haoni kikombe, na mwaka wa nne alikuwa akiwajua watu kwa nyayo zao.

Basi wiki ile ya mwanzo wanawake walikuja kumtazama mgeni. Kahawa ikamiminwa, halua ikafunuliwa, na mmoja akamwuliza katika maisha yake kafika wapi. Bakhita kabla ya kuja Maskati alikuwa hajavuka zaidi ya Pemba. Lakini kule Unguja alikuwa yaya kwa bibi mmoja wa Kizungu kwa miaka saba, na yule bibi alikuwa na kitabu cha picha za London, kinene kama mto wa kulalia. Kila Jumatatu Bakhita alikifuta vumbi jani kwa jani. Ulimi haukungoja ruhusa.

"London," akasema. "Nimekaa miezi miwili."

Ndiyo basi. Akawaambia juu ya askari wanaovaa dubu mzima kichwani, na dubu mwenyewe bado anakoroma. Akawaambia juu ya mto unaoganda mpaka watu wakachoma mbuzi juu yake. Akawaambia ukungu wa kule hukatwa kwa msumeno asubuhi ili watu wapate njia ya kwenda kazini. Wanawake walisahau kahawa ikapoa. Kisha Bi Nasriya akauliza swali ambalo mtu yeyote wa Maskati angeuliza:

"Na milango yao ya mji, wanafunga saa ngapi?"

Maana Maskati milango ya mji ilikuwa ikifungwa saa tatu baada ya maghribi. Ngoma ikipigwa ngomeni, mzinga ukalia, basi. Aliye nje amelala nje, na aliye ndani akitoka njiani abebe fanusi. Hakuna pale aliyeweza kufikiri kwamba mji mkubwa unalala wazi. Bakhita alitafuta kwenye kichwa chake jani kwa jani, hakukumbuka picha ya mlango. Lakini kunyamaza hakujua.

"Milango saba," akasema. "Na kule hawangoji saa tatu. Jua likigusa ardhi tu, inafungwa. Ukibaki nje ukungu unakula. Asubuhi wanaokota viatu."

Wanawake wakashika vifua. Bi Nasriya peke yake hakusema neno. Bakhita akaja kujua sababu baadaye sana: mwaka mmoja, Bi Nasriya akiwa na mimba ya miezi minane, alishikwa na uchungu wakiwa Sib kwenye shamba la mitende. Bwana Ghanim akamtia kwenye lori wamkimbilie mkunga. Njia ya saa tatu, lori likazama mchangani, wakafika mlangoni ngoma imeshapigwa. Mtoto alizaliwa pale nje ya ukuta na hakulia. Tangu siku ile Bwana Ghanim alikuwa mtu wa kutazama jua, hata awe anakula.

Sasa tuje mwaka wa sitini na nane. Bwana Ghanim alikuwa ameomba kwa Sultani ruhusa ya kumpeleka mkewe Ulaya akatazamwe macho, kaomba mara tatu, na safari hii ruhusa ikaja. Siku kumi. Siku moja ya daktari, na tisa, alisema Bwana Ghanim, "tutembee kama watu, maana hatutapewa tena." Majina matatu: lake, la mkewe, na la mtu wa kumsaidia mkewe. La tatu lilitakiwa lipelekwe kwa simu ya upepo Jumamosi asubuhi.

Nyumba nzima ilijua ni Bakhita. Nani mwengine kafika London?

Na Bakhita alilitaka jina lile kuliko alivyotaka pumzi. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Kheiria, aliyekwenda Uingereza kusomea uuguzi mwaka wa sitini na moja, na Unguja ikapinduka yeye akiwa huko. Alikuwa akifanya kazi hospitali katika mji wa bandari unaoitwa Portsmouth, na kila mwezi alikuwa akiandika. Kisha akanyamaza. Miezi kumi na minne. Bakhita alimtuma Mzee Thani, muuza karafuu wa sokoni aliyekuwa akisoma na kuwaandikia barua watu wa Unguja, aandike mara tano. Hakikurudi kitu. Lakini nyumbani Bakhita hakuweza kusema hivyo. Nyumbani barua zilikuwa zinakuja. "Jana kaandika, kapandishwa cheo," angesema akichambua mchele, na kwa mwendo ule aliompandisha yeye, Kheiria angekuwa anaiendesha hospitali nzima pamoja na bandari. Kisha angekwenda jikoni, akatia uso wake ndani ya sufuria tupu, akakaa hivyo mpaka Bi Nasriya amwite.

Ijumaa baada ya sala walikaa juu, chumba cha upepo. Bwana Ghanim alikuwa ameleta karatasi kutoka kwa wakala wa ndege wa Mutrah, zenye picha za hoteli na za matembezi. Za Kiingereza. Msomaji alikuwa Mahbuba, binti wa nduguye, mjane wa miaka thelathini aliyesoma skuli Unguja mpaka darasa la nane na hakuacha mtu asahau.

"Hii ya kwanza," Mahbuba akasema, "inatazamana na bustani kubwa. Ina maji ya moto chumbani."

"Hiyo ndiyo," akasema Bwana Ghanim.

"Bustani ile naijua," akasema Bakhita. "Majibwa ya London yote hutembezwa pale. Yatakurambeni mpaka kwenye viwiko. Mtakuwa mnakoga na kutawadha, mnakoga na kutawadha, siku kumi zishakwisha."

Bwana Ghanim akaiweka kando.

"Hii ya pili ina bawabu, koti lake la vifungo vya dhahabu."

"Yule kazi yake kutilia watu ulevi. Hujasalimu, gilasi ishakuwa mkononi."

"Hapa hapakuandikwa ulevi, Bi Bakhita."

"Waandike, kwani wao wajinga?"

Bi Nasriya akacheka ndani ya mtandio wake. Mahbuba akachukua ya tatu kwa ncha za vidole. "Na hii iko ubavuni mwa stesheni ya Waterloo. Vyumba vidogo. Choo mwisho wa ukumbi, mnagawana na watu."

Moyo wa Bakhita ulimpiga mpaka akaogopa wataona kanga inarukaruka. Barua ya mwisho ya Kheiria aliijua kwa moyo, kama alivyosomewa na Mzee Thani: *Mama, mie mzima, kazi nyingi tu. Siku ukija, unapanda gari moja Waterloo, hubadilishi.*

"Hiyo," akasema.

"Hii? Masizi yanaonekana mpaka kwenye picha."

"Masizi ndiyo joto lenyewe, moshi wa treni unapasha kuta. We hujui baridi ya kule. Nimeona mtu kwa macho yangu kapiga chafya sikio likaanguka, kaliokota, katia mfukoni, kenda zake." Kisha akateremsha sauti, na hili lilikuwa la kweli: "Na Bi Nasriya haoni, bwana. Ukitoka mlangoni uko kwenye gari. Hakuna kumvusha mabarabara."

Bwana Ghanim alishika ndevu. "Hilo neno," akasema, na akatia alama ya penseli.

Sasa matembezi. Mahbuba akasoma: kuna kasri la wafalme, mwendo wa nusu saa. Kuna mji wa ufukweni, mwendo wa saa moja. Kuna mawe makubwa yamesimama uwandani, hakuna ajuaye nani kayasimamisha. Na kuna Portsmouth, merikebu ya vita ya zamani, ya mbao tupu, mwendo wa saa mbili.

"Merikebu hiyo musiikose," Bakhita akasema haraka. "Milingoti yake inatoboa mawingu. Ndege wanapumzika nusu ya njia. Na mwanangu yuko mji huo huo, nitampitia kumwamkia."

"Saa mbili kwenda," Bwana Ghanim akasema polepole. "Saa mbili kurudi. Mwezi wa kumi kule jua linazama lini?"

"Kwenye saa kumi na moja," akasema Mahbuba.

"Basi hapana. Njia ya Sib ilikuwa ya saa tatu tu, na tuliondoka mapema." Akaiweka karatasi juu ya ile ya majibwa. "Wewe mwenyewe umetwambia, Bakhita. Milango inafungwa jua likigusa ardhi. Kila pahali pa zaidi ya saa moja, sitii mguu wangu wala wa mke wangu. Mwandikie mwanao aje hotelini, mle naye chakula cha mchana, arudi kwake kabla ya kufungwa."

Pale Bakhita alihisi nyumba inazama. Ule mlango aliutengeneza mwenyewe kwa mdomo wake, na halua mkononi, ili wanawake wacheke, na sasa umefungwa mbele ya uso wake yeye. Amwandikie nani? Mtu asiyejibu miezi kumi na minne? Akafanya alilolijua.

"Ile ilikuwa zamani, bwana. Sasa wamebadilisha. Nasikia wanafunga saa nne ya usiku, kwa ajili ya wafanyakazi."

"Unasikia kwa nani?"

"Kheiria kaandika."

"Lini?"

"Mwezi huu."

"Ilete, Mahbuba atusomee. Kama imeandikwa, tutakwenda."

Alishuka ngazi kumi na tatu, na kila ngazi ilikuwa na wazo lake. Aseme imeliwa na panya. Aseme kaipeleka kwa Mzee Thani. Aanguke, avunje mguu. Akafungua sanduku la bati, akaitoa ile barua moja aliyokuwa nayo, ya penseli, iliyofifia na kukunjika mpaka imelegea kama kitambaa. Alisimama nayo. Akiirudisha sandukuni na kusema imepotea, jina lake litapelekwa kesho, ataiona London, atakaa siku kumi ubavuni mwa ile stesheni, na kila jua likizama watamfungia ndani na uongo wake. Peke yake asingeweza kwenda popote. Kibao hawezi kusoma, neno la Kiingereza analolijua ni la kumwita mtoto aje aoge. Bora aumbuke, huenda wakamhurumia wakenda. Akapanda na barua, akampa Mahbuba.

Mahbuba akaikunjua. Akatazama juu, pembeni, kwenye tarehe. Akamtazama Bakhita. Bakhita alijua dakika ile mwanamke yule amemshika, na akangoja kicheko chake.

"Hii ya mwaka jana," Mahbuba akasema, taratibu. "Ya mwezi wa nane."

"Soma," akasema Bwana Ghanim.

"Ami, tuiache."

"Soma."

Mahbuba akasoma: "*Mama yangu mpenzi, salamu sana. Kama ungekuja ungepanda gari moja Waterloo, hubadilishi, nawaza hilo kila siku. Mama, mzima si sana. Ni kifua. Wamenilaza hospitali hii hii nnayofanya kazi, na sasa wanataka kunipeleka nje ya mji kwenye hewa. Nakuandikia kwa penseli kwa kuwa nimelala. Nikinyamaza usidhani nimekusahau, ni mkono hauna nguvu. Usimwambie mtu. Mwanao, Kheiria.*"

Nje muuza maji alikuwa anamgombeza punda wake.

"Siyo hivyo," Bakhita akasema. "Mzee Thani hakusoma hivyo. Alisema mie mzima, kazi nyingi."

"Wasomaji wa barua wote hivyo," akasema Bi Nasriya. "Mwanamke peke yake sokoni, nani atamsomea khabari kama ile? Huruka mstari."

Bakhita alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Miezi kumi na minne alikuwa akiilalia ile barua chini ya mto. Aliijua kila mkunjo. Alikuwa hata akijiuliza kwa nini penseli, na akajijibu kwamba wino kule umeganda.

"Hakuna barua nyengine," akasema. "Hakukuja hata moja. Vile vyeo nlimpandisha mie. Na London sijafika, bwana. Sijafika kokote. Nlikuwa nafuta vumbi picha."

Bwana Ghanim akaweka chini kalamu. "Na milango saba?"

"Sijui kama wana hata mmoja. Bi Nasriya aliniuliza, na mie nikasema tu."

"Miaka minne," akasema Bwana Ghanim, na sauti yake ilikuwa ndogo, ambayo ni mbaya kuliko kubwa. "Miaka minne unakaa na mwanamke huyu, unajua lililompata kwenye mlango, na unamchezea na milango."

"Mwache," akasema Bi Nasriya. "Mie nlikuwa nalala nikisikia nao wanafunga. Nlisema, basi si sisi tu."

Bwana Ghanim akageuza uso wake dirishani. Kalamu ilikuwa kwenye sahani ya chai, na karatasi ya jina la tatu iko tupu. Bakhita aliitazama ile karatasi. Hata sasa, wallahi, hata sasa alitafuta neno la kujirudishia jina lile. Lilikuwepo mdomoni, angelia, angemshika Bi Nasriya miguu, na Bi Nasriya angesema aandikwe. Wangefika wote watatu pale Waterloo, mmoja haoni, wawili hawajui kusoma kibao, wakasimama kama mizigo. Na Kheiria yuko nje ya mji, kwenye hewa, hewa ya wapi hakuna ajuaye. Lazima mtu aulize, asome, aulize tena.

"Muandike Mahbuba," akasema.

Mahbuba akastuka. "Na we je?"

"Mie ntakuwa wa kubebwa. We utasoma. Una ulimi mbaya na macho mazuri, ndivyo vinavyotakiwa." Kisha akamshika mkono. "Ila mwende, Bi Mahbuba. Musende kwenye mawe. Mwende huko."

Bwana Ghanim aliandika jina. Hakumtazama Bakhita wala hakumwambia kamsamehe. Lakini alivuta ile karatasi ya Portsmouth kutoka juu ya ile ya majibwa, akatia alama kwenye siku ya pili, mara tu baada ya daktari.

"Na tukichelewa kurudi?" akauliza, kama anajiuliza mwenyewe.

"Tutalala nje," akasema Bi Nasriya. "Si mara ya kwanza."

Waliondoka Jumatano kwa gari mpaka uwanja wa ndege wa Beit al-Falaj. Bakhita alibaki na funguo, paka na sufuria. Hizo siku hawezi mtu kuzisimulia. Wanawake walikuja kwa kahawa wakitaka London, naye akawamiminia kahawa na hakuwapa kitu. Mmoja alisema labda kapatwa na jini. Alipika na akamwaga. Alikwenda sokoni mpaka duka la Mzee Thani, akasimama mbele yake amtukane, mzee akainua uso, na Bakhita akanunua karafuu, akarudi.

Walirejea adhuhuri moja, masizi mpaka kwenye mizigo. Bwana Ghanim alipita akaitikia salamu, akasema, "Haina milango," akaingia chumbani kwake. Mahbuba alikuwa na mafua na pua nyekundu.

"Nimeuliza watu kumi na mmoja," akasema. "Saba wa kwanza hawakufahamu Kiingereza changu, na wao Waingereza."

"Yupo?" akasema Bakhita.

"Yupo. Iko nyumba ya wagonjwa wa kifua, juu ya kilima. Barua zako zilikuwa kule alikohama, wamezifunga uzi. Sasa anazo."

Bi Nasriya alinyoosha mkono hewani kumtafuta Bakhita, na alipomshika akamkalisha kwenye ngazi. Macho yake yalikuwa yale yale. Daktari alikuwa amesema jicho moja labda, mwaka ujao, na mwaka ujao nani anajua.

"Wamemkata ubavu," akasema. "Upande wa kushoto. Daktari wao anasema tungoje baridi ipite, ndipo watajua. Nakwambia kama nilivyoambiwa, sikuruka mstari."

"Eeh."

"Tulikaa naye mpaka jua likazama na giza likaingia. Ghanim alikuwa kila mara anatazama dirisha. Lakini hakusema twende."

"Kasema nini mwanangu?"

"Kauliza kama mama yake bado muongo. Nikamwambia kaacha. Akalia, Bakhita. Hakulia alipotuona, alilia hapo. Akasema basi hali yake yeye mbaya kuliko wanavyomwambia."

Bakhita alifunika mdomo kwa kanga. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa yake, "Sura yake ikoje? Kakonda?"

"Sikumuona, mama. Nimemshika."

"Basi nishike mie. Nioneshe."

Bi Nasriya akaweka viganja vyake viwili usoni mwa Bakhita. Akavishusha polepole kutoka kwenye nyusi mpaka chini ya mashavu, na pale akavibonyeza ndani, mpaka meno yakahisika.

"Hapa hakuna kitu," akasema.

"Na hapa?"

"Hapo mfupa."

Bakhita alifunga macho, akaishika ile mikono ya mwenzake isiondoke.

"Endelea," akasema.